Aliyenitafunia

Jumatatu, 4 Machi 1996

Daftari hili Daktari Phares Mugo alinipa la kuandikia sampuli. Ya sampuli yapo matatu tayari, na maabara nzima hatujafika hata jozi ya tatu, kwa hivyo hili nimelichukua. Serikali inisamehe.

Kazi yenyewe ni hii. Sisi wa maabara ya meno tunatafuta jozi thelathini za mama na binti aliyekwisha kuwa mtu mzima. Kila mmoja tunamchokoa ufizini kwa kijikaratasi chembamba, tukitafuta jamii ya bakteria wanaokaa pale jino linapoingilia kwenye ufizi. Wana ndugu zao wengine wanaokaa tumboni. Hawa hawataki hewa kabisa, ukiwasahau mezani umewaua. Zamani waliandikwa kwenye ukoo mwingine. Miaka sita iliyopita wataalamu wakawatoa huko, wakawapa jina jipya, Prevotella, wao wenyewe wasijue lolote. Daktari anataka kujua kama binti hubeba mdomoni wale wale wa mama yake, na kama ndivyo, waliingiaje.

"Kwa mate," alisema leo. "Kijiko kimoja, kikombe kimoja, mama kumtafunia mtoto chakula. Hawa hawaji na upepo, Mwongeli. Lazima mtu ampe mtu."

Nimerudi Ziwani kwa miguu nikiyarudia maneno hayo ya mwisho.

Jumatano, 6 Machi

Joto. Mvua hakuna. Susu analalamika jino.

Jumamosi, 9 Machi

Nieleze mara moja, yaishe. Ninayeishi naye hapa Ziwani ni Susu Koki, na susu kwa Kikamba ni nyanya. Hakunizaa, wala hakumzaa aliyenizaa. Susu hakujaliwa mtoto. Akafanya walivyofanya wanawake wa kwetu wenye mifugo na wasio na uzazi: alipeleka mbuzi na ng'ombe kwa watu fulani kule Mbooni, akaoa msichana. Msichana wa namna hiyo tunamwita iweto. Huolewa kwa jina la mwana ambaye hakuzaliwa, na watoto atakaowapata, kwa mwanamume yeyote, ni wa nyumba ya yule mwanamke aliyemwoa. Kwenye cheti changu mimi ni Mwongeli Muthama. Muthama hakuwahi kuwepo. Susu alimpa jina, akampa mke, akampa na mtoto, akakosa tu kumpa mwili. Shuleni nikiulizwa baba anafanya kazi gani nilisema ni dereva wa masafa marefu.

Iweto wake aliitwa Kathini, na ndiye mama yangu. Aliondoka nikiwa na miaka miwili na nusu. Susu akanibeba mgongoni mpaka Nairobi, akasuka vyondo akauza, akanisomesha, na jina la Kathini halikutajwa tena katika nyumba hii. Picha yake sina. Nina mwanya kwenye meno ya juu, ambao Susu hana, na ambao ameutazama maisha yangu yote jinsi mtu anavyotazama ufa kwenye ukuta wake.

Mwaka juzi nilipata kujua anakokaa: nyumba za reli, Muthurwa. Nimepita mbele ya mlango ule mara kumi na moja. Kubisha sijapata kubisha.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua ya kwanza! Imenikuta Majengo kwa Qorane, anayechinja kondoo, nilikokwenda kuchukua damu ya kulishia bakteria. Qorane hunipa bila maneno mengi, maana kwake damu ni haramu na humwagwa tu, lakini hajaacha kunishuku. "Dada, niambie ukweli, hii hunywi?" Nikamwambia sinywi mimi, nina watoto wanaokunywa. Akarudi nyuma hatua nzima. Damu ikiachwa huganda, ndiyo maana chupani tunatia shanga za kioo na kuitikisa dakika kumi bila kupumzika. Nimeitikisa nikiwa nimejikinga chini ya mabati ya kibanda, watu wakinitazama.

Jozi kumi na moja tayari.

Jumamosi, 23 Machi

Nimebisha.

Alifungua mwenyewe. Ni mfupi kuliko nilivyomtengeneza kichwani miaka yote hii. Alikuwa amejifunga leso kiunoni na mikono imejaa unga. Nikayasema niliyokuwa nimeyakariri: natoka maabara ya meno, tunafanya utafiti, tunatafuta akina mama wenye mabinti wakubwa.

"Mimi niko na vijana tu," akasema. "Watatu. Msichana sina."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu ila hilo. Nikatabasamu, kwa kuwa sikujua uso wangu niufanye nini, naye akauona mwanya. Kisha akaniuliza jina kwa Kikamba. Nilipomwambia, alianza kujipangusa unga, kidole kimoja kimoja, kama mwenye siku nzima.

"Niko na msichana mmoja," akasema. "Andika."

Alhamisi, 28 Machi

Jozi ya 14. Mama ni 14A, binti ni 14B.

Mwezi huu nimeshika videvu vya wanawake ishirini na sita, taa nikiishika mwenyewe. Leo ilibidi mwenzangu Waringa anishikie taa. Ngozi ya kidevu cha Kathini ni laini, na ana kovu dogo chini ya mdomo ambalo nisingelijua kwa kupita mlangoni hata mara mia. Meno anayo yote. Mwanya wake ni mpana kuliko wangu. Nilikaa nao zaidi ya ilivyohitajika, naye akafumba macho.

Waringa ndiye aliyenichukua sampuli mimi. "Mwonge, wacha kuchekacheka, nitakudunga," akasema. "Na leo unang'aa hivi, kwani ni nini?"

Nikamwambia ni mafuta mapya ya uso.

Jumapili, 31 Machi

Nimemwambia Susu kuhusu Kathini. Sikuweza kukaa nalo. Alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo na hakuinua kichwa.

"Ako na meno?" akauliza.

"Ndiyo, Susu. Yote."

Akachagua mengine, akatupa jiwe mlangoni.

"Na mimi? Mdomo yangu haina wadudu?"

Nikamwambia utafiti ni wa mama na binti. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, na naandika hapa nisije baadaye nikajidai sikusema. Susu alichagua mpaka ungo ukaisha.

"Basi uchukue yangu bure tu," akasema. "Kabla hawajang'oa nyumba yao."

Kliniki imempa tarehe nne Juni. Meno tisa yaliyobaki yatatolewa yote, kisha ufizi upone ndipo awekewe ya bandia.

Jumanne, 2 Aprili

Susu alikuja maabara akiwa na kofia ya kanisani. Nimemchukua sampuli ili mambo yaishe. Kwenye fomu hana mahali, kwa hivyo juu ya sahani yake ya kuoteshea bakteria nimeandika K tu, ya Koki.

Alhamisi, 4 Aprili

Mama amekuja bila kuitwa! Alitaka kuona wadudu wake.

Kuna taa yetu moja yenye mwanga wa zambarau usioonekana vizuri. Ukiwamulikia bakteria hawa wakiwa wachanga, gizani, wanawaka wekundu. Baada ya siku nyingi wanakuwa weusi na hawawaki tena. Nikamwingiza kwenye chumba kidogo cha kemikali, nikafunga mlango, tukabanana humo mabega yakigusana, nikawasha. Sahani mbili, vitone vyekundu kwenye damu.

"Hizi ni zangu?"

"Hizi zako. Hizi zangu."

"Zinafanana," akasema, na sauti yake ikapanda. "Mwiitu, si unaona? Zinafanana!"

Mwiitu ni binti. Zote za jamii hiyo huwaka hivyo hivyo, zangu, zake, za Susu, za mwanamke yeyote. Nilijua. Sikumwambia. Tulisimama humo mpaka Waringa akagonga akitafuta asidi.

Ijumaa, 5 Aprili

Ijumaa Kuu. Mvua. Kabati la joto tunamooteshea bakteria halijui sikukuu, nimekwenda kuliangalia.

Alhamisi, 11 Aprili

Mama alikuja tena, na mahindi ya kuchemsha kwenye gazeti. Daktari ameniuliza kama 14A sasa ni mfanyakazi wetu.

Alhamisi, 18 Aprili

Ameleta uji kwenye chupa ya chai. Sahani zimeanza kuwa nyeusi. Nyumbani Susu hali nyama tena, anakunywa tu mchuzi. Nimemjibu vibaya leo kwa ajili ya chumvi, na nilijua haikuwa chumvi.

Jumatano, 24 Aprili

Nimechoka lakini lazima niandike.

Jumatatu saa nne asubuhi stima zilipotea mtaa mzima wa maabara. Mvua ilikuwa imeangusha nguzo ya umeme. Waringa akasema, "Zitarudi tu, tulia." Saa nane hazijarudi. Kabati la joto lilishuka hadi digrii thelathini na mbili, thelathini, ishirini na nane. Daktari alikuwa safarini. Tukagawana mitungi ya sahani: kila mmoja abebe anayoweza, akaiweke penye joto. Mitungi hii ina kifuniko cha kubana na ndani haina hewa hata kidogo. Kuna utepe ndani: ukiwa mweupe mambo ni sawa, ukiwa wa buluu hewa imeingia na wote wamekufa. Nikachukua mtungi wenye jozi ya 12 hadi 15, na ile sahani ya K humo humo, nikaufunga kwenye sweta na kutembea nao mpaka Ziwani, maji yakinifika kwenye vifundo.

Susu alikuwa amewasha jiko la makaa. Hakuuliza maswali mengi. Aliuliza moja tu.

"Inataka moto gani?"

"Thelathini na saba, Susu. Joto la mtu."

"Sasa si ungesema hivyo."

Akaketi kwenye kiti chake, akafungua vifungo vya sweta yake, akaupakata mtungi tumboni na kujifunika blanketi mbili juu yake. Nikamwambia jiko linatosha. Akasema jiko halina akili, linapanda na kushuka. Alikaa hivyo Jumatatu jioni, Jumanne kutwa, na leo mpaka adhuhuri. Alikula hapo. Nikienda kazini namwacha hapo, nikirudi namkuta hapo, na kipimajoto nilichokitia kando ya mtungi kinasema thelathini na sita na nusu. Mara moja nilimkuta anautikisatikisa kwa goti, kidogo kidogo, bila kujua.

Ndani mlikuwa na sahani ya Kathini, nami sikumwambia.

Stima zimerudi leo. Mitungi miwili aliyobeba Waringa imekuwa ya buluu, jozi saba zimekufa, itabidi tuwaite watu tena. Wangu ni mweupe.

Jumatatu, 6 Mei

Vichupa vya bakteria vimesafirishwa kwenye barafu, kule ng'ambo kwenye mashine zinazoweza kusoma kila bakteria na kutoa mistari yake kwenye picha. Mistari ikilingana, wametoka kwa mtu mmoja. Jozi mbili hazikuweza kurudi, kwa hivyo sanduku lilikuwa na nafasi. Nimetia K. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ya blanketi.

Sasa ni kungoja. Natamani mistari yangu na ya Mama ilingane. Natamani mpaka naona haya. Mimi ni mtu wa maabara, nimefundishwa kutotaka jibu.

Jumatano, 8 Mei

Mvua.

Jumapili, 12 Mei

Mvua. Nguo hazikauki. Susu ameniuliza huyo wa Muthurwa huwa anakunywa chai na sukari ngapi. Nikamwuliza ni ya nini. Akasema basi.

Alhamisi, 23 Mei

Leo nimekwenda mimi kwake. Mumewe Ndambuki, mzee wa reli aliyestaafu, alinisalimia kwa heshima na kutoka nje akatuachia chumba. Mama aliweka maji ya chai jikoni. Nilimweleza kuhusu mistari, na kwamba njia kubwa ni kutafuniwa chakula utotoni. Nikamwuliza, nikifanya mzaha, alikuwa akinitafunia nini.

Akaiepua ile chai kabla haijachemka.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," akasema. "Meno nilikuwa nayo yote, hata sasa unaona. Lakini wakati ya kula ikifika, huyo Susu yako anakuja anakutoa hapa." Akajipiga mapajani. "Anasema, wewe Kathini pumzika, kazi yako ni maziwa. Anakupeleka kwa kiti yake, anakutafunia yeye. Mahindi ya muthokoi, viazi, kila kitu. Na mimi naangalia. Nilikuwa bibi ya mtu ambaye hayuko, na mama ya mtoto ambaye si wangu. Siku maziwa iliisha, nilijua kazi imeisha."

"Hata mara moja, Mama? Hukunitafunia hata mara moja?"

"Mara moja. Alikuwa ameenda soko. Kulikuwa na nyama, nikatafuna kipande, nikakupea. Ulikuwa unafurahi mpaka unapiga mikono. Akarudi, akaona. Hakunipiga, hapana, hakuwahi kunipiga. Aliingiza kidole kwa mdomo yako akaitoa."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikanywa ile chai isiyochemka. Alinishikilia kichwa kifuani, vibaya vibaya, kama mtu asiyejua kichwa cha mtu mzima hushikwa wapi.

Mara moja. Nimejiambia njia nzima kwamba mara moja inaweza kutosha.

Ijumaa, 24 Mei

Sijasema na Susu.

Jumamosi, 25 Mei

Sijasema na Susu. Yeye pia hajasema.

Jumapili, 26 Mei

Nimesema na Susu. Nimesema mpaka jirani akapunguza redio. Nilimwuliza ni mtu wa namna gani anayemtoa mtoto kinywani kitu alichopewa na mama yake. Nilimwambia alinunua mtu, na alipomaliza kumtumia akakaa na mtoto na kuuita huo upendo.

Aliningoja nimalize. Amezeeka, nimeliona leo, shavu moja limevimba kwa sababu ya jino.

"Ni kweli," akasema.

Nilitaka abishe.

"Niliogopa," akasema. "Watoto ya iweto wanafuata mama yao wakikua, nilikuwa nimeona kwa watu. Nikasema huyu, kama atakula kutoka mdomo yangu, atanijua mimi. Mimi sikuwa na maziwa, Mwongeli. Nilikuwa na meno tu."

Kisha akaongeza: "Ile chupa yako kubwa, mwezi ule ya stima. Namba yake, ile unataja hapa nyumbani, ilikuwa ndani, na yako. Mlikuwa mmefungwa pamoja. Mimi si kipofu."

"Ulijua?"

"Ilitaka joto," akasema Susu.

Jumanne, 4 Juni

Meno tisa. Alikataa nimshike mkono. Aliomba apewe ayabebe, wakamfungia kwenye karatasi. Mdomo umeingia ndani na uso umekuwa mfupi. Anakunywa uji kwa kijiko na kuniangalia kama ninacheka.

Nimekumbuka jambo nililolijua siku zote: bakteria hawa wanakaa mzizini mwa jino. Jino likitoka, hawana pa kuishi. Wa Susu, waliokaa humo karibu miaka themanini, leo wanakufa.

Jumatatu, 10 Juni

Mvua imeanza kukoma. Uji. Supu. Uji.

Jumatano, 19 Juni

Faksi imekuja. Karatasi nane, mistari myeusi iliyofifia. Daktari Mugo aliniita, akafunga mlango.

Katika jozi zote, kumi na moja zimelingana. Ya 14 haimo. Mistari ya Mama na yangu haifanani hata mmoja. Nilidhani nimejiandaa.

"Lakini kuna hiki," akasema Daktari, akaweka kidole. "Kuna kichupa kinaitwa K. Hakimo kwenye fomu. Kimelingana na 14B mstari kwa mstari. Hakuna jozi iliyolingana hivi. Mwongeli, umechanganya namba?"

"Hapana, Daktari."

"Basi K ni nani? Kwa karatasi hii K ndiye mama yako. Tumwandike 14A, tuwe na jozi ya kumi na mbili. Ni kosa la fomu tu."

Ni mtu mzuri na hakuwa na nia mbaya. Nikamweleza, kwa kifupi, mambo ya iweto. Yeye kwao ni Nyeri, si Ukambani, alisikiliza akikuna shingo. Mwishowe akanisukumia fomu na kalamu. "Basi andika wewe, lakini andika kitu kinachoeleweka. Wazungu watauliza."

Kwenye fomu kuna mahali pa MAMA na mahali pa BINTI, basi. Nilikaa nayo muda mrefu. Kufuta jina la Kathini, aliyesema andika, ningelifuta vipi? Na kumwacha nje aliyeketi siku tatu na mtungi tumboni? Nikaacha Kathini palipo MAMA. Pembeni, kwenye ukingo wa karatasi, nikaandika: K, aliyenitafunia.

Daktari akasoma, akasema itaeleweka.

Alhamisi, 27 Juni

Nimemwambia Mama. Nilizunguka sana, hewa, mistari, uwezekano, mpaka akanikata. "Ni yake." Nikasema ndiyo. Akaangalia mikono yake. "Hata ile moja?" Nikasema hata ile moja. Akasema alijua, ile nyama ilikaa mdomoni mwangu muda mfupi sana.

Mwanya ni wake, nikamwambia. Mwanya hakuna aliyeweza kuutoa kwa kidole. Akacheka kidogo, akajifunika mdomo.

Jumatatu, 1 Julai

Baridi. Susu ameniagiza nyama ya mbuzi, ya choma, Jumapili. Nikamwuliza ataila na nini. Akasema mimi ninunue tu, na nimwite yule wa chai.

Jumapili, 7 Julai

Mama hajawahi kukanyaga hapa. Alifika saa saba, amevaa kitambaa kipya cha kichwa, akasimama mlangoni mpaka Susu akasema, "Ingia, baridi inaingia." Miaka ishirini na minane, na hilo ndilo neno la kwanza. Akaingia. Alimwamkia Susu kwa kuinama, akimwita kama alivyomwita zamani, Mwenye Nyumba. Susu akasema hakuna mwenye nyumba hapa, nyumba ni ya baraza la jiji.

Nikacheka peke yangu.

Nikaweka nyama kwenye sinia, na chumvi. Susu hajapata meno yake bado. Mimi nilichukua kipande nikaona nakimeza bila kukitafuna. Mama alikuwa akila kidogo sana, anaficha mdomo. Nje watoto walikuwa wakipiga mpira kwenye ukuta wetu.

Susu akanyoosha mkono kwenye sinia. Akapapasa, akachagua, kipande chenye mafuta kidogo, kile ambacho angekichagua angekuwa na meno. Nilidhani anataka kukimumunya. Akageuka, akakiweka kwenye kiganja cha Mama na kuvifunga vidole vyake juu yake.

"Ile siku niliingiza kidole," akasema. Bila meno maneno yake yanatoka laini, lazima usikilize. "Kathini, ile siku. Mimi meno yameisha. Sasa mtafunie wewe."

Mama alinitazama. Nina miaka thelathini na moja. Najua kinachokaa katika mate ya mtu. Ninajua pia kwamba mdomo wa mtu mzima umekwisha kujaa, hao wageni hawatapata pa kukaa, watameng'enywa kabla ya jioni. Kliniki tunawakataza akina mama jambo hilo hilo, bango lake nililibandika mimi. Sikusema hata moja kati ya hayo.

Alikitia mdomoni. Alitafuna polepole, macho yamefumba, mara moja akatikisa kichwa kama mtu anayesema hapana, akaendelea. Susu alikuwa anautazama mdomo ule, na ufizi wake mtupu ukawa unakwenda nao, juu na chini. Kisha Mama akatoa kwa vidole viwili kilichokuwa kimelainika, akanyoosha mkono, na mkono ukasimama njiani. Alikuwa anamtazama Susu.

"Mpe mtoto," akasema Susu.

Nikafungua mdomo. Kilikuwa cha moto bado, na chumvi yake ilikuwa ya kutosha. Nimekila chote.